Vitabu Visafi vya Sumberwungu

Siku ile mjinga alikuwa Pak Hardono, na siku hizi anakubali mwenyewe bila kushurutishwa, mradi tempe, ile soya ya kukaanga, iwe ya moto. Lakini asubuhi ya siku hiyo hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Upimaji wa Manufaa ya Vitabu kwa Wasomaji wa Makundi Mbalimbali, Wilaya ya Sumberwungu, Java ya Kati, na shati lake la batiki lilikuwa limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe.

Kamati ilizaliwa kwa tangazo la vipaza sauti: kuanzia sasa, hakuna mwananchi atakayesoma kitabu kisichomfaa. Wananchi walipiga makofi. Waliambiwa wapige.

Swali likawa moja tu: utajuaje kitabu kinamfaa nani? Mbak Wening, dada mmoja, mjumbe mpya asiyejua bado mambo ya utumishi, alishauri wasomaji waulizwe. Wenzake walimtazama kama mtu aliyefiwa.

"Mbak," Hardono alimwambia kwa upole, "msomaji ana utaalamu gani wa kujua kama amesaidiwa? Mgonjwa hujipima damu mwenyewe?"

Baada ya vikao vingi, na maboksi ya vitafunio mengi zaidi ya vikao, kigezo kilipatikana. Kitabu chenye manufaa huheshimiwa. Kinachoheshimiwa hutunzwa. Kinachotunzwa hubaki kisafi. Kwa hiyo usafi ndio manufaa, na kitabu kichafu kimeshindwa kazi. Kipakiwe lorini kikasagwe kiwandani.

Kilichoongoza kwa mbali kilikuwa *Nyayo Zangu kwa Wananchi*, kitabu alichokiandika Mkuu wa Wilaya, Pak Mangunprasojo, na kukigawa bure kila nyumba. Popote kamati ilipopita, ilikikuta ndani ya nailoni yake, hakina hata alama ya kidole. Kilipata alama za juu kwa wakulima, kwa akina mama, kwa wastaafu, na kwa watoto wachanga, kundi ambalo Hardono alilianzisha baada ya kugundua kwamba na wao hawakukichafua.

Ikabaki rafu ya Bu Wagiyem.

Bu Wagiyem, mama wa mtaani, alikuwa akikaanga tempe na tofu kwenye kijiwe cha bodaboda, na pembeni ya karai lake aliweka rafu ya vitabu alivyokusanya tangu ujana wake. Ukitaka kimoja, unataja jina lako unakwenda nacho. Mtaa mzima haukuwa na vitabu vingine, ukiacha vile vya kwenye nailoni.

Kwa kuwa kijiwe hiki kilikuwa kituo cha mwisho cha ukaguzi, Mkuu wa Wilaya alikuja mwenyewe na waandishi wa habari, apigwe picha akitupia kitabu cha kwanza cha rafu hiyo kwenye lori. Akawekewa kiti kivulini. Lori likangoja huku linanguruma.

Hardono akachomoa kitabu cha magonjwa ya kuku. Kurasa zilikuwa na kinyesi kilichokauka.

"Nani amekifanya hivi?"

"Mimi, Pak," akajibu Giyanto wa bodaboda. "Nilikisomea bandani, tochi nimeing'ata kwa meno. Kuku wangu wamepona wote."

"Kuku si kundi la wasomaji. Kimeshindwa."

Akachukua cha malezi ya watoto. Ukurasa wa homa ulikuwa umeganda kwa dawa ya maji.

"Pak, huo ukurasa unasomwa huku mtoto amebana mdomo," alisema Bu Wagiyem. "Dawa ikishamwagika hujui imekwenda wapi."

"Kimeshindwa."

Cha tatu kilikuwa cha mapenzi, kisicho na kurasa za mwisho.

"Mwisho uko wapi?"

"Kila mtu hapa ana wa kwake, Pak," akasema Giyanto. "Kwangu mimi, binti anaolewa na kijana wa bodaboda."

"Kwangu mimi," akadakia Bu Wagiyem, "anamwacha huyo wa bodaboda kabla hajamaliza mafuta yake."

Kijiwe kikacheka. Hardono hakucheka, alikuwa kazini. "Kimeshindwa mara mbili. Kichafu, na pungufu."

Bu Wagiyem aliacha kucheka. "Pak Hardono, mkiondoka na hivi, watoto wa hapa watasoma nini?"

"*Nyayo Zangu*, Bu."

"Aa," alisema, akageuza tempe.

Hata hivyo mgeni ni mgeni, hata akija na lori. Aliwafungia kamati, waandishi na vijana wa kijiwe tempe za moto na pilipili mbichi, kila mtu na karatasi yake. Huko Sumberwungu, vyakula vya kukaanga hufungwa kwa karatasi yoyote iliyokwisha kazi, mitihani ya watoto au barua za ofisi, na hakuna anayekula bila kuisoma yake. Ndivyo watu wanavyojua mtoto wa jirani kafeli hesabu.

Hardono alipong'ata pilipili, wazo likamjia. Akainua karatasi yake mbele ya kamera.

"Ndugu waandishi, mfano hai! Tazameni mafuta haya. Na maandishi yenyewe sikilizeni: 'Kwa jasho langu daraja la mto Growong likasimama, na machozi ya furaha ya wananchi yakaongeza kina cha maji.' Upuuzi mtupu! Maneno kama haya yanamsaidia nani? Kwa mamlaka niliyopewa natamka kwamba hayana manufaa kwa kundi lolote, wachanga wakiwemo."

Akatoa mhuri wa kamati, akaugonga.

 Giyanto akasogea kuitazama karatasi ile.

"Daraja gani hilo, Pak?" Giyanto akauliza. "Leo asubuhi nimevuka pale maji kiunoni, pikipiki tumeibeba watu wanne."

"Hata yangu ina daraja," akasema mwenzake, akigeuza karatasi yake. "Na picha ipo. Mheshimiwa anakata utepe."

"Utepe umefungwa kwenye nini?"

"Kwenye migomba miwili."

Mkuu wa Wilaya akainuka kitini. "Hardono. Hayo maneno ni yangu."

Hardono akaishusha karatasi haraka. Alijaribu kufuta mhuri kwa mkono wa shati, lakini wino wa serikali ulipokutana na mafuta ukaenea ukurasa mzima, na batiki pia.

"Na hiki cha Mkuu kinapanda lori, Pak?" dereva akauliza kwa heshima zote. Kisha akazima injini, akashuka, akataja jina lake na kuchukua kile cha mapenzi.

Mkuu hakumwona. Alikuwa amekwisha simama mbele ya karai, uso umemwiva.

"Bu, nilikuletea maboksi mawili, bure! Wilaya nzima wamekitunza kwenye nailoni, wewe peke yako ndiye umekichana ukafungie tempe! Haya, sema mbele ya waandishi hawa: hapa kitabu changu kimemsaidia nani?"

Bu Wagiyem aliopoa tempe, akaikung'uta mafuta taratibu.

"Sisi sote, Mheshimiwa. Bila hicho tungevuka mto ule mpaka tunakufa, hatujui kama tuna daraja."