Koti Nene Lililokwenda Berlin

Jumatatu, 10 Januari 1977. Tororo.

Alhamdulillahi! Kati ya wafanyabiashara wote wa hapa nimeteuliwa mimi, Badiru, kwenda Berlin Mashariki kununua vipuri vya baiskeli. Imekuja wakati wake. Wakubwa wa serikali wametangaza kwamba duka litakalokutwa tupu mwisho wa mwezi litapewa mtu mwingine. Langu lina kengele moja na paka. Mahmudu wa malori keshakuja kupima madirisha. Ati anapita tu!

Nina koti nene la Mzungu mmoja aliyehama. Nimepata wazo. Pamba yake yote nimeitoa, nimempa paka alalie. Mahali pake nimetia kahawa mbichi ya Mbale. Ulaya watainunua kama dhahabu. Mke wangu Mastula ameniuliza baridi nitaizuia na nini. Nimemjibu kahawa huleta joto.

Jumatano, 12 Januari. Busia.

Jua la kuchoma, na mimi ndani ya koti. Hapa mpakani mwa Uganda na Kenya kila mtu anajua: aliyenenepa ghafla amebeba sabuni, sukari au kahawa. Na kwa kahawa, siku hizi mtu anachukuliwa, haonekani tena. Askari akanizunguka kama anayenunua ng'ombe. "Wewe nakwenda wapi na nguo ya baridi, na jua hii?" Nikamwonyesha tiketi. Nikamweleza kwamba Berlin watu wanaganda wakitembea. Akacheka mpaka bunduki ikatikisika, akanipa pole. Askari mwema! Mungu amweke.

Jumapili, 16 Januari. Berlin.

Baridi! Meno yanagongana yenyewe. Masharubu yameganda. Kahawa haileti joto, walau si ikivaliwa.

Lakini nimegundua jambo. Mji mzima ni wa magendo! Wanaume, kina mama, hata mapolisi, wote wamenenepa, na hakuna anayewakamata. Nimemkonyeza mzee mmoja barabarani, nikamgusa tumbo kidogo kumuuliza ni sabuni ama sukari. Amenipiga kwa mwavuli. Mkalimani wangu, Bi Ingrid, ambaye Kiswahili chake ni cha kitabuni, hakina hata vumbi, ameniombea radhi. Namshukuru sana.

Jumatatu, 17 Januari. Berlin.

Msiba! Kwenye mlango wa kiwanda cha baiskeli yuko mama mmoja, kazi yake kupokea makoti ya wageni. Ndiyo desturi yao, huingii na koti. Nikakataa katakata. Nikamwambia Bi Ingrid kwamba kwetu mtu havui koti kabla ya kufunga biashara. Nikakaa nalo mezani, ubavuni mwa bomba la joto. Kumbe theluji ya asubuhi ilikwisha kupenya ndani, na kahawa imevimba. Mkurugenzi akawa anaeleza habari za minyororo. Mshono ukaachia. Kahawa mezani, kahawa sakafuni, kahawa ndani ya viatu vya mkurugenzi!

Nikafanya tunavyofanya kwetu kwenye vizuizi vya askari. Magoti chini, mikono juu, macho nimefumba, nikatoa shahada. Nikamwona Mastula mjane na Mahmudu akipima madirisha.

Halafu makofi! Bi Ingrid akanitafsiria: mkurugenzi anasema hajawahi kupewa zawadi kwa heshima kubwa namna hii. Kumbe kwao kahawa ya kweli imeadimika, wanakunywa ya shayiri. Mama wa makoti akaizoa yote, akaiosha, akaikaanga jikoni. Tukainywa meza moja, yeye pia. Nikalia. Nikasema ni moshi. Haukuwa moshi. Nilikuwa na furaha ya kuwa hai.

Jumanne, 18 Januari. Berlin.

Nimepewa masanduku mawili nisafiri nayo: minyororo, mipira ya ndani, spoki tele. Duka limepona! Na yule mama amelijaza koti langu pamba mpya, akalishona kwa mkono wake. Hakutaka malipo. Nimemwita mama, kwa Kiswahili, akaelewa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetembea Berlin bila kutetemeka.

Jumamosi, 22 Januari. Busia.

Mahmudu! Alimwona paka wangu amelalia pamba, akapiga hesabu zake, akaja kumnong'oneza askari yule yule kwamba koti langu lina magendo. Koti likachanwa kwa kisu kifuani. Pamba. Likachanwa mgongoni. Pamba. Askari akaona haya. "Mzee, samahani. Huyu nasumbua sisi bure." Akamwamuru Mahmudu anipeleke Tororo na masanduku yangu kwa lori lake. Mungu mkubwa!

Jumapili, 23 Januari. Tororo.

Rafu zimejaa. Mastula amechinjisha kuku. Nimemshukuru Mungu, nikamshukuru mama wa makoti, Bi Ingrid, askari, hata Mahmudu, maana aliyashusha masanduku kwa adabu. Mastula akasema natumaini umejifunza.

Nimejifunza sana. Koti lililochanwa mbele ya watu likakutwa na pamba, askari hataligusa tena maisha yake. Mpaka mzima hauna koti safi kama hili! Nimeshaanza kutoa pamba. Paka amefurahi. Alhamisi nakwenda Busia.

Mastula ameficha sindano. Si neno. Duka limejaa spoki, na spoki ikinolewa ni sindano.