Mgonjwa wa India

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi ya kukata masikio, lakini moyoni nina joto! Leo Bi. Mathebula, bosi wetu, ametangaza kwamba shirika litampeleka mtu mmoja India kwa wiki mbili. Atazuru hospitali kubwa za mjini na kliniki za vijijini, aone wenzetu wanavyotibu umati wa watu kwa vifaa vichache. Akirudi ataongoza mradi wetu wa kliniki za mtaa wa Alexandra, hapa Johannesburg. Mtu mmoja tu. Mimi.

Au Mugambi. Hapo ndipo penye mwiba. Mugambi ni Mkenya mwenzangu, meza zetu zinatazamana ofisini na Jumapili tunasali katika ushirika mmoja wa Wakenya. Mtu wa kunywa maji moto bila majani na kupiga pasi hata soksi. Alinyoosha mkono kabla bosi hajamaliza sentensi. Hana haya!

Mimi miaka yote nachapa takwimu za kliniki na sijawahi kutumwa mbali kuliko Pretoria. Kila Krismasi Shiko, mke wangu, huniuliza kama bado naitwa msaidizi. Safari hii lazima iwe yangu.

Mbinu: kumvunja Mugambi moyo mapema. Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la ushirika, ambamo naye yumo: "Wapendwa, niombeeni. Hivi karibuni naelekea India, hospitali. Mungu ndiye ajuaye. Ndugu yenu, Mureithi." Ujumbe mfupi. Wa unyenyekevu. Akiusoma atajua kiti kimeshakaliwa. Naenda kulala nikitabasamu.

Jumanne, 5 Agosti

Ole wangu! Nilisahau jambo ambalo kila Mkenya analijua tangu utotoni. Haendi mtu hospitali India kutalii. Kwetu anayepelekwa India ni yule ambaye madaktari wa Nairobi wameshatikisa kichwa. Huchangiwa, huombewa, na binamu zake huanza kuipima suti yake kwa macho.

Niliamka simu imejaa mikono ya maombi. Kisha akaja Kemunto, mwenyekiti wa akina mama, na sufuria ya kuku na chapati. Akamkumbatia Shiko mlangoni, akamuuliza kwa nini ameubeba mzigo huu peke yake. Shiko akauliza mzigo gani. Kemunto akalia. Shiko naye, kwa kuchanganyikiwa, akalia. Mimi nilikula chapati nikifikiri.

Shiko amesema nisahihishe mara moja, njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kwamba sijasema uongo hata neno moja. Na ni kweli! Ujumbe upo, usomwe.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika masahihisho ofisini, Mugambi akaja mezani kwangu, macho mekundu. Akasema sasa ameelewa kwa nini naing'ang'ania hii safari: nataka nikifika huko nitibiwe kimyakimya. Akanikumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema amejitoa, niende mimi.

Ningefanya nini? Sikusema kwamba naumwa. Nilikohoa tu.

Masahihisho nimeyafuta.

Jumatano, 6 Agosti

Ndugu yangu Nderitu amepiga simu kutoka Nyeri. Hatujasemezana tangu tugombanie mpaka wa shamba, siku aliponiita mwizi mbele ya mashemeji. Leo anasema atanipa figo.

Figo! Nani alitaja figo? Kumbe habari iliondoka Johannesburg bila jina la ugonjwa, na ilipofika Nyeri figo zangu zote mbili zilikuwa zimeshakufa. Nderitu ameacha pombe ili yake iwe safi. Amelia kwenye simu. Ameniomba msamaha wa mpaka, akasema nichukue hata ile mikaratusi ya kando ya mto. Nami nikalia, maana ile miti nimeitamani miaka mingi. Nimemwambia tungoje kwanza. Hilo nalo si uongo.

Nilimuuliza Mama anaendeleaje. Akasema Mama yuko hapo karibu, amenyamaza tu, na upasuaji wake wa mtoto wa jicho ni wiki ijayo, hospitali ya misheni. Nikasema vizuri. Nilikuwa bado nawaza miti.

Alhamisi, 7 Agosti

Bosi amenituma Alexandra. Nikae kliniki, nitazame, niandike maswali nitakayowauliza Wahindi. Nilifika mapema na tayari foleni ilikuwa imepita spaza, kiduka cha kona. Bibi mmoja aliyejifunga blanketi akaniomba nimshikie nafasi aende kununua magwinya, maandazi ya huku. Hakurudi! Foleni ikanisukuma hadi ndani. Kabla sijajieleza, muuguzi alikuwa ameshanifunga mkono apime presha. Nikamwambia mimi ni mtafiti. Akasema hata watafiti wana mishipa.

Akaangalia mashine. Akapima tena. Akaniuliza taratibu kama kuna jambo linalonisumbua nyumbani. Presha iko juu. Juu kweli! Nimepewa vidonge.

Maswali ya kuwauliza Wahindi: bado sijaandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Yamekwisha. Mugambi, kwa upendo wake, na upendo huo ulaaniwe, alimwendea bosi kumwomba ofisi inigharamie matibabu nikiwa India. Bi. Mathebula akaniita, akafunga mlango, akanishika mkono. Eish, ndugu yangu, akasema, kwa nini hukuniambia? Mtu katika hali yangu hapandishwi ndege akazungushwe vijijini. Hakuna bima itakayokubali.

Nikamwambia mimi ni mzima. Akasema marehemu mume wake naye alikuwa akisema hivyohivyo. Nikaanza kurukaruka mbele yake ili aamini. Nikaishiwa pumzi. Akaniletea kiti.

Mugambi ndiye anayekwenda. Mimi nimepewa likizo ya ugonjwa. Mugambi ameapa kwamba faili langu la hospitali atalifikisha kwa mabingwa wa huko kwa mkono wake mwenyewe, nimpe tu. Faili gani? Sina safari, sina cheo, nina vidonge vya presha. Nimelia garini nikingoja robot, taa za barabarani, iwe kijani, na kijana anayeuza chaja dirishani akanipa pole.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Naapa! Nilikuwa nimeshavaa viatu. Ndipo Nderitu akapiga simu kunijulisha kwamba Mama ametua uwanja wa ndege wa huku, nikamchukue. Ameuza ndama wake akakata tiketi. Mama yangu, ambaye hata lifti huiogopa.

Nilimkuta ameketi juu ya mkoba wake katikati ya umati, anatazama upande ambao sipo. Nikasimama mbele yake. Hakunijua mpaka niliposema. Akanipapasa uso kwa mikono miwili, mashavu, chini ya macho, akitafuta uvimbe. Akasema nimekonda sana. Mimi, ambaye suruali haifungi!

Nikamuuliza habari ya upasuaji. Akasema jicho litangoja, mtoto hangoji. Nafasi yake amepewa mtu mwingine, na yeye ameambiwa arudi mwakani.

Nilitaka kusema.  Nikabeba mkoba. Umejaa nduma za kuchemsha, ati zinasafisha damu.

Shiko amesema nimwambie Mama leo, la sivyo atamwambia yeye. Nimemsihi anipe mpaka ibada ya kesho imalizike. Nina mbinu.

Jumapili, 10 Agosti

Mbinu: kupona! Mtu akishapona, ugonjwa haupo, na kama haupo hakuna aliyedanganywa. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikaenda mbele, nikasema kwamba nimehisi moto kiunoni na sasa sina maumivu yoyote. Na kweli sina! Ukumbi ulilipuka. Kemunto alipiga vigelegele. Mugambi alinikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Shiko alitoka nje.

Kisha Mama akainuka. Akaja mbele polepole, akishikashika migongo ya viti. Akasema amemwona Mungu wa mwanawe kwa jicho alilobakiwa nalo, na sasa hataki tena kukatwa na daktari. Aliyefufua figo atashindwaje na utando wa jicho? Akaomba awekewe mikono. Ukumbi mzima ukaitikia amina.

Mimi pia nilisema amina. Kwa sauti kubwa. Watu walikuwa wananitazama.

Nderitu amepiga simu. Amefurahi mno, amerudia pombe, na mikaratusi ibaki ilipo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mugambi amekwenda kuomba viza. Mimi niko nyumbani kwa likizo ya ugonjwa, na sebuleni Mama anaziba jicho kwa kiganja, anazibua, anaziba tena. Anajaribu kuona kama muujiza umeanza. Wakati wa kifungua kinywa alimimina chai kando ya kikombe. Akacheka, akafuta meza kwa leso yake. Niliumia. Si kwa kujisingizia, niliumia kweli, hapa kifuani.

Shiko amesema dawa ya haya yote ni sentensi moja: sikuwa mgonjwa. Nimefanya mazoezi bafuni mbele ya kioo. Bafuni inatoka vizuri kabisa.

Nikaenda sebuleni. Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikamshika mikono, nikafungua kinywa. Nikajisikia nikisema kwamba nimeota ndoto. Malaika! Amevaa koti jeupe la kidaktari. Ameagiza Mama arudi hospitali ya misheni, kwa kuwa mkono wa daktari nao ni wa Mungu, akapasuliwe jicho lake la kulia bila kuchelewa. Ilikuwa ndoto nzuri mno. Hata mimi nilisisimka.

 Shiko, aliyekuwa mlangoni, akafunika uso.

Kisha Mama akasema taratibu kwamba la kulia ndilo analoonea. Bovu ni la kushoto. Ni la kushoto tangu mwaka tulipomzika Baba, na alinieleza siku ile ile ya mazishi, tumekaa jikoni wawili tu. Akaniuliza kama malaika anamaanisha kwamba hili nalo linakwenda. Akaanza kunitazama nalo, usoni, kwa muda mrefu, kama anayeaga.

Nimemwambia asihofu. Malaika atarudi kesho kusahihisha.