Siku Mama Pasi Alipoazima Glavu ya Wifi Yake

Sikizeni, enyi mlioketi na mlio wima, nanyi mpitao njia mkijidai mna haraka: tueni mizigo, zimeni redio, mnipe masikio yenu nyote, niwasimulie habari za Mama Pasi, simba jike wa chumba cha kufulia, mnyoosha mashuka ya hospitali, ambaye mchana kweupe, bila ngao wala mshauri, alivuka uwanja mzima kwenda kuazima glavu.

Mtacheka. Chekeni tu. Ila ngojeni kwanza mwambiwe glavu ilikuwa ya nani.

Palikuwa na mataifa mawili yaliyopambana kila Jumamosi nyuma ya maghala: Wafuaji wa hospitali na Waokaji wa kiwanda cha mikate. Vita vyao vilikuwa softboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira, adui yake huupiga kwa gongo, kisha adui huyo hutimua mbio kutoka kituo hadi kituo kama aliyekumbuka maziwa motoni; mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, au akiukosa mara tatu, ametolewa. Na kwa kuwa mataifa yote mawili yalikuwa mafukara wa vifaa, yalifunga mkataba. Gongo lilikuwa moja, la wote. Glavu nazo, zile za ngozi za kudakia mpira, upande ulipotoka uwanjani kwenda kupiga, uliziacha palepale majanini, na adui aliyeingia akaziokota, akazivaa zingali na jasho la wenyewe. Kilicho chini ni cha anayeingia, kilicho mkononi huombwa. Ndivyo walivyoishi miaka yote, na hakuna aliyewahi kulazimika kuomba.

Sasa, Mama Pasi alikuwa mashoto. Katika majeshi yote mawili, mashoto mwingine alikuwa mmoja tu, naye ni Hamira, mkanda unga mwenye mikono ya chuma, nahodha wa Waokaji na dada wa mumewe Mama Pasi. Glavu ya mashoto, ya kuvaliwa mkono wa kulia, ilikuwa moja tu, mali ya Hamira. Na mawifi hawa hawakuwa wakisemezana.

Chanzo kilikuwa sufuria. Mama Pasi aliazima sufuria kubwa ya Hamira, akairudisha imeungua kitako. Hamira akasema, imeungua. Mama Pasi akasema, ilikuja hivyo. Moyoni alijua fika kwamba iliungua jikoni kwake, siku alipopitiwa na usingizi sufuria ikiwa motoni, lakini neno likishatoka halirudi, na la uongo ndilo lenye kiburi zaidi. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa fundi viatu, mume wa huyu na kaka wa yule, mtu mpole aliyetazama kila mechi ameketi kando ya uwanja, katikati kabisa ya pande mbili, jua lote likimpiga, asije akaonekana ameegemea upande. Msimu mzima wanawake wale wawili walivaa glavu moja, jasho likichanganyika na jasho, pasipo hata hujambo.

Ikafika siku ya kugombea kombe, ambalo lilikuwa jagi la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu. Wafuaji walikuwa mbele kwa alama tatu, wakaingia uwanjani kujihami kwa mara ya mwisho. Mama Pasi akafika kwenye ngome yake, akatazama chini, akaona majani matupu. Akatazama benchi la Waokaji, lililokuwa limelowa mvua ya asubuhi, akamwona Hamira amekaa pakavu. Alikuwa ameikalia glavu.

Akamwendea refa, karani mstaafu mwenye filimbi na subira. "Mheshimiwa, sheria inasemaje?"

"Iliyo chini, mama, unaokota. Iliyo mkononi, unaomba."

"Haiko mkononi. Ameikalia."

Refa akawaza kwa uzito wa kadhi. "Iliyokaliwa," akahukumu, "ni sawa na iliyo mkononi."

Kuomba? Yeye? Afadhali mauti. Mama Pasi akatwaa glavu ya kawaida, akaivika mkono usio wake, kidole gumba kikaangukia pa kidole cha mwisho. Mpira wa kwanza ukamjia, ukagonga mgongo wa glavu na kuteleza miguuni pake kama sabuni ya kipande. Waokaji wawili wakakimbia mpaka kituo cha mwisho, kiitwacho nyumbani, kila mmoja akavuna alama. Zile alama tatu zikabaki moja, na adui amebakiwa na mpigaji mmoja tu wa kutolewa, ambaye ni Hamira.

Hamira akainuka. Lakini angeiweka glavu chini, ingekuwa ya anayeingia. Basi akaibana kwapani, akashika gongo kwa mikono miwili, na mpira ulipokuja akapiga hewa, kwa maana ni nani awezaye kupiga huku kwapa limefungwa? Akajaribu tena, akapiga hewa tena. Akabakiwa na mara moja tu, na kwapa halifunguki.

Angengoja tu, Mama Pasi angeshinda; lakini kombe la kwapani hakulitaka. Hapo ndipo alipouvuka uwanja. Fundi viatu akainamia viatu vyake, akavichunguza kana kwamba ni vya mteja.

"Ewe Hamira, binti wa mama mkwe wangu," alianza Mama Pasi, akipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Nimekuja kwako mikono mitupu. Wahenga walinena, nguo ya kuazima haisitiri matako, nami sikuja kusitiriwa. Nimekuja kuazima. Nipe hiyo glavu."

"Mara ya mwisho ulipoazima kwangu," alisema Hamira, "nilirudishiwa masizi."

Majeshi yote ya maneno aliyokuwa ameyapanga Mama Pasi yakatawanyika. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio.

"Iliungua kwangu, wifi. Nililala. Nikaogopa kukwambia, halafu nikaogopa kwa sababu nilishaogopa."

"Sufuria ningesamehe siku ileile. Kilichoniuma ni kuambiwa ilitoka kwangu hivyo."

"Najua."

Hamira akafungua kwapa. Hakuiacha glavu ianguke, ambayo ingekuwa sheria tu. Aliishika, akaikung'uta, akampa mkononi. "Haya, nenda. Nataka kupiga."

Na sasa kwapa likiwa huru, akapiga! Mpira ukapaa juu kuliko maghala na kushuka polepole upande wa Mama Pasi, aliyekuwa akirudi nyuma kwa nyuma, akipepesuka, akiwa amefumba jicho moja kwa ajili ya jua na la pili kwa ajili ya hofu, mkono ameunyoosha mbele. Ukaingia, ukatulia. Uwanja haukujua umshangilie nani, maana nahodha wa Waokaji alikuwa ametolewa kwa ngozi ya glavu yake mwenyewe.

Hamira akalitupa gongo, akaja kwa hatua ndefu hadi kwa Mama Pasi. "Hiyo glavu ni yangu, wifi."

"Ndiyo maana imedaka," akasema Mama Pasi, akampa.

Basi na ichorwe kwenye mawe, wajukuu wafundishwe, na wenye falme waone wivu: katika zama zetu, mtu mzima aliomba kitu kwa mdomo wake, akapewa, akakitumia, akakirudisha siku ileile. Jagi liko kwa Wafuaji. Waokaji wameshaliazima mara mbili.