Ng'ombe wa Mashimba na Ndege ya Ijumaa

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Halafu Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chenge, na mwavuli wake. Kasema rubani amepiga simu kutoka Mwanza: ndege ya daktari wa macho inatua Ijumaa saa tatu asubuhi, na nyasi za kiwanja zisipite kifundo cha mguu. Zimefika magotini! Mita mia nane, fyekeo moja, msimamizi mmoja, ambaye ni mimi. Cheo nilikiomba mwenyewe kwa ajili ya kile kizibao cha rifleta. Ujinga wangu.

Lakini ndege lazima itue. Mama mkwe wangu, Mama Sabina, yuko kwangu tangu Januari na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwetu Wasukuma mkwe ni mkwe: huketi naye, huli mbele yake, humgusi, mkikutana njiani unapisha porini. Kwa hiyo mwezi wa nne huu nakula nyuma ya jiko, mimi na kuku. Haoni, lakini anasikia! Nikikohoa tu anauliza kama huyo ni mkwe. Akipona anarudi kwake. Ndege isipotua, daktari ni mpaka Oktoba. Oktoba!

Nimefikiri. Jirani yangu Mashimba ana ng'ombe arobaini na malisho yake yamejaa maji. Mimi nina nyasi. Sasa nani afyeke?

Jumanne, 8 Aprili

Raha! Mashimba amenishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Ng'ombe walitaka kutawanyika, nikajaza chumvi mfukoni mwa kizibao, nikatangulia, wao nyuma. Wanalamba hadi vifungo. Jioni nyasi kwisha. Mke wangu Gladness kauliza kwa nini sikufyeka kama watu. Nikamwambia kuna watu wa nguvu na kuna watu wa akili. Akanipa ugali bila mboga.

Jumatano, 9 Aprili

Mavi. Kiwanja kizima mavi! Na kwato zimetoboa udongo mbichi, utadhani jaruba la mpunga. Rubani Akumu kanipigia mwenyewe. Dada wa Kijaluo kutoka Mara, mkali, hana salamu ndefu. Kauliza kama ardhi ni ngumu. Nimesema saruji, dada. Kasema akiona shimo au mnyama anageuza, hawezi kuvunja gurudumu kwa sababu ya maneno yangu. Nimekaa chini nikajionea huruma.

Alhamisi, 10 Aprili

Naziba mashimo kwa jembe tangu saa kumi na mbili. Mgongo si wangu tena. Afadhali jirani yetu Evelina na wanawake wenzake walikuja kuzoa mavi ya kusiliba nyumba, huku wakinicheka waziwazi. Nimemwambia Mashimba ng'ombe basi. Kajibu wameshazoea, wakitoka zizini wanakuja wenyewe. Nikitaka niongee nao. Nikasimika kibao: NG'OMBE MARUFUKU. Saa kumi ng'ombe mmoja akajikuna nacho, kikaanguka.

Ijumaa, 11 Aprili



Saa tatu kasoro, ng'ombe wote arobaini katikati ya kiwanja. Nikapiga kelele, nikarusha kofia. Wananitazama tu! Ndege ikatokea upande wa ziwani, ndogo, nyeupe. Ikashuka, ikaona, ikapanda. Ikazunguka, ikashuka, ikapanda tena. Mzee Chenge karibu alie: rubani huyu hujaribu mara tatu, halafu huyoo Mwanza.

Mama Sabina alikuwa ukingoni na Gladness, anataka awe mgonjwa wa kwanza. Aliposikia mlio unakwenda mbali, akajichomoa mkononi mwa bintiye, akaingia kiwanjani na fimbo yake, anamwita rubani asimwache. Anakuja moja kwa moja kwangu! Nimshike? Siwezi. Nisimame? Siwezi. Nikatimua mbio kuelekea porini na kizibao changu, na ng'ombe arobaini, kwa uroho wa chumvi, wakanifuata. Gladness akamdaka mama yake akamvuta pembeni. Mimi niko juu ya mti wa miiba, ng'ombe wananilamba nyayo, nikasikia magurudumu yamegusa chini.

Nililia. Mzee Chenge nimemwambia ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Jumamosi, 12 Aprili

Zahanatini wamemfungua bandeji. Mama Sabina anaona! Kwanza katazama mikono yake mwenyewe, kisha uso wa Gladness, akasema, umekonda mwanangu. Watu wote machozi, na mimi dirishani kwa nje. Rubani kaondoka. Kabla ya kupanda ndege kakitazama kiwanja, kanitazama mimi, akatikisa kichwa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeamka naimba. Nimemtafutia mama mkwe gari la kumrudisha kwake. Gladness kaja na ujumbe wa mama yake: gari liondoke tupu.

Daktari amefanya jicho moja tu. Lingine Oktoba! Na mama mkwe ameshaizunguka nyumba. Kaona paa linavuja, kaona choo hakina mlango, kaona magugu kwenye mpunga. Anasema alipokuwa haoni alidhani bintiye ameolewa vizuri. Haondoki mpaka nyumba hii inyooke. Jamani, na hilo ni jicho moja!

Mzee Chenge naye kapita kusema nyasi zimeanza kuchipua. Sina wasiwasi hata kidogo. Nestory, yule wa kule kisimani, ana mbuzi sitini. Mbuzi ni mwepesi, hatoboi ardhi. Kesho asubuhi namwendea.