Kibodi Iliyosusa

Jumamosi, 21 Juni 2025

Kibodi imesusa. Nimefungua laptopu asubuhi, nimegusa kioo mahali pa kuandikia kama siku zote. Herufi hazikupanda. Nimegusa tena. Nimekaripia. Kioo cheupe, kimya, kama diwani aliyeulizwa habari za barabara.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakufa: vitufe vya kawaida vya laptopu hii vilikufa mwaka juzi kwa chai ya maziwa, nikiwa nabishana na redio. Tangu hapo naandika kwa herufi zinazojitokeza zenyewe kwenye kioo, kidole kimoja cha kushoto. Mkono wa kulia ulichukuliwa na kiharusi. Kalamu naweza kuishika kwa kushoto, ila mwandiko huo hausomwi na binadamu yeyote isipokuwa mke wangu Hyasinta, ambaye ni nesi na amesoma maandishi ya madaktari maisha yake yote.

Na jambo lenyewe ni la Hyasinta. Jumamosi ijayo anaagwa kazini. Miaka thelathini na moja wodi ya wazazi, hapa hapa Musoma. Mimi nimeandika barua za wazi mia moja na arobaini: kwa wakurugenzi, kwa wahariri, kwa askofu mmoja. Kwa mke wangu, hata moja. Risala hii ndiyo itakuwa ya kwanza. Nusu iko ndani ya laptopu. Nusu iko kichwani, na kichwa changu sasa kina historia.

Kamati, kwa upofu wake, imempa risala Thadeo. Kaka yake Hyasinta, mwalimu mkuu mstaafu wa Bunda, na shemeji yangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitania mpaka kaburini. Neno “adhimu” hulitumia mara tisa kwa ukurasa. Tumewekeana dau: ambaye risala yake itasomwa, ndiye atakayekula firigisi.

Ili nimalize haraka, jana nilinunua kwa siri mnadani Bunda kibodi nyingine, isiyo na waya. Iliandika herufi moja, m, ikafa. Hyasinta alishanionya kuhusu vitu vya mnadani tangu ile pasi iliyounguza sare yake. Kibodi sasa iko uvunguni. Kile kidude chake kidogo, cha kuchomeka ubavuni mwa laptopu, nimekiacha kimechomekwa palepale. Kisipotee.

Jumapili, 22 Juni

Nimezima, nimewasha. Mara kumi na moja. Hakuna.

Hyasinta aliuliza naandika nini tangu alfajiri. Nikamwambia makala kuhusu bei ya dagaa. Akanitazama usoni. Akauliza hao dagaa wanaonitoa machozi ni wa ziwa gani.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepeleka laptopu kwa fundi Wegesa, hapa Iringo. Wegesa watoto wake wote watatu wamepokelewa na Hyasinta. Akiona kitu cha mnadani, saa hiyo hiyo wodi nzima inajua. Kwa hiyo kabla ya kutoka nilichomoa kidude, nikakitia mfuko wa shati.

Fundi akagusa kioo mara moja. Herufi zikapanda, zimejipanga kama watoto wa komunyo ya kwanza. Akaniuliza kwa upole, mzee, tatizo hasa liko wapi.

Nimerudi nyumbani. Nimechomeka kidude mahali pake. Nimegusa kioo.

Hakuna.

Jumatano, 25 Juni

Kwa Wegesa tena, kidude mfukoni tena. Herufi zimepanda tena. Sasa nimeielewa mashine hii. Ni mnafiki. Mbele ya wageni, adabu. Nyumbani, kununa. Nimeijua tabia hiyo katika tawala tatu za dunia, na nimeisoma katika vitabu vingi kuliko hizo.

Wegesa akauliza kama nyumbani kuna kitu nachomekaga kwenye mashine. Nikamjibu kwamba anavyoiona ndivyo ilivyo. Si uongo. Kidude hakikuwemo wakati huo. Akashauri niketi hapo hapo nimalize kazi yangu. Nikakataa. Siwezi kumwandikia mke wangu maneno ya miaka thelathini katikati ya watu wanaotoa kopi za vitambulisho.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepata mkakati. Butiama! Kwa mama. Hakuna majirani, hakuna Thadeo, hakuna redio. Nikafika saa nne. Mama, Ghati, miaka themanini na minne, alikuwa anachambua maharage. Nikachomeka kidude bila hofu, maana huko mama hana wa kumwambia. Nikagusa kioo.

Hakuna.

Mama akauliza hicho kinachochomoza ubavuni ni nini. Nikasema ni cha kibodi nyingine. Akauliza, kumbe unazo mbili? Nikasema ya pili iko uvunguni, haifanyi kazi. Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika. Alikuwa mke mkubwa, yeye, na wadogo wawili walikuja nyuma yake. Akasema mwanamke akiona umeingiza mwingine ndani, hatokagi tena kupokea wageni. Anakaa jikoni kimya. Anakuachia huyo mpya akuhudumie, hata kama huyo mpya hajui kuwasha moto.

Nikamweleza, taratibu, kwamba kompyuta haina wivu. Ni umeme na hesabu. Akasema sawa, Mugeta, wewe ndiye msomi. Akanipa maziwa mgando.

Kisha akauliza kama nimeandika habari za toroli.

Sikuwa nimeandika. Ile siku ya kiharusi hapakuwa na gari. Hyasinta alinipakia kwenye toroli, akalisukuma mwenyewe mpaka hospitali, amevaa sare yake nyeupe. Na njia nzima alinibishia. Kila ninachokiamini alikipinga. Alisema vyama vya ushirika vilistahili kufa. Alisema washairi wote ni wavivu. Nilikuwa nachemka, ulimi umelala upande, namjibu kwa kukoroma. Baadaye sana ndipo nilipojua alikuwa anafanya hivyo nisipate nafasi ya kulala.

Nimerudi Musoma jioni.

Ijumaa, 27 Juni

Thadeo amewasili kutoka Bunda, atalala chumba cha laptopu. Risala yake kurasa nne, imechapwa, imewekwa kwenye jalada la plastiki. Akasema amesikia yangu imekwama kwenye kioo. Akaniambia, shemeji, usijali, nitakubakizia kidole cha kuku.

Nimeandika yangu kwa mkono wa kushoto. Karatasi moja na nusu, kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Mkakati: Thadeo alipoenda kuoga, nikatoa kurasa zake kwenye jalada, nikaweka zangu. Zake ziko chini ya godoro letu. Ukumbini akishafungua jalada mbele ya watu, atasoma kilichomo. Hatakuwa na pa kukimbilia.

Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 28 Juni

Lilikuwepo tundu.

Thadeo alisimama, akafungua jalada, akatazama. Akaigeuza karatasi juu chini. Akavua miwani, akaivaa. Kisha akaniuliza kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia, shemeji, hii ni risala au kuku wa mboga alipita hapa akiaga? Manesi walicheka mpaka mgeni rasmi akaweka soda chini.

Ikabidi nisome mwenyewe. Nikasimama. Nikasema “Mama Penina.” Basi. Mimi, niliyewahi kumnyamazisha mkurugenzi kwa dakika arobaini bila karatasi.

Hyasinta akashuka meza kuu. Amevaa kitenge kipya, viatu vinambana, nilijua kwa mwendo. Akaichukua karatasi mkononi mwa kaka yake na akaanza kuisoma. Risala yake mwenyewe. Mwandiko wangu wote, bila kukwama hata neno moja. Alisoma idadi ya usiku aliotoka na mvua kwenda kwa wake za watu. Alisoma kwamba mumewe alikuwa anawapigania wananchi kwa maandishi na hakuwahi kuuliza nani amechota maji. Alipofika kwenye toroli akaishusha karatasi. Akasema toroli halikuwa la maji kama nilivyoandika, lilikuwa la mkaa, ndiyo maana sare haikutakata tena. Akaendelea. Mstari wa mwisho hakuusoma. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akasema uliobaki ni wa nyumbani.

Sikuona vizuri ukumbi baada ya hapo.

Firigisi ililetwa kwenye sahani peke yake. Thadeo akanitazama. Nikamtazama. Hyasinta akaichukua, akaila yote, taratibu, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hakuna aliyethubutu.

Jumapili, 29 Juni

Thadeo ameondoka na kurasa zake. Amesema kwa mwaka huu anasamehe.

Hyasinta alitaka kuona picha za jana. Akafungua laptopu, akaona kidude, akakichomoa bila hata kuuliza. Akagusa kioo. Herufi zikapanda.

Akasema mashine ilikuwa inaamini nina kibodi nyingine, ndiyo maana ikakaa kimya. Kibodi ya uvunguni, akasema, aliiona siku ileile nilipoificha, alipofagia. Nikamwambia ni sadfa. Akasema sawa, Baba Penina. Ameomba nimchapie risala yote, na ule mstari wa mwisho, aitundike sebuleni. Nimeahidi.

Jumanne, 1 Julai

Siku ya kwanza ya Hyasinta kuwa nyumbani asubuhi. Chai tumekunywa wawili, imekuwa tamu isivyo kawaida.

Nikajipanga kumchapia. Kidude nilikikuta juu ya kabati, nikakirudisha ubavuni mwa laptopu. Kila kitu kina mahali pake. Nikagusa kioo.

Hakuna!

Nimetafakari kwa kina. Sababu ni moja tu. Thadeo amelala chumba hiki siku mbili. Barua ya mia moja na arobaini na moja ilikuwa ya Hyasinta. Sasa naanza ya mia moja na arobaini na mbili, kwa Thadeo, kwa mkono wa kushoto, na sitamhurumia.

Hyasinta amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, anaisoma kadiri ninavyoiandika. Anacheka. Hataki kusema anacheka nini.