Yah: Kumkabidhi Mume Wangu Awe Mnara wa Taifa

Kibuta, Kisarawe
Julai 1981

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mnara wa Askari wa Vita,
Kibaha.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na kamati yako, na kwamba saruji imepatikana. Kama haijapatikana, basi soma mpaka mwisho, maana dawa ninayo mimi.

Naitwa Mwanaasha binti Matano, mkulima wa muhogo na korosho. Kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na cheti ninacho. Juzi kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti wetu Ndugu Salumu alitusomea tangazo lenu. Alisema kwamba mnataka kujenga mnara wa taifa kwa ajili ya askari wetu waliokwenda vitani, na kwamba juu yake atakuwepo mtu wa jiwe, amevaa koti la jeshi, anatazama mbali. Kijiji chetu kimeombwa kutoa mawe.

Ndugu Mwenyekiti, mtu wa namna hiyo ninaye. Koti analo, na kutazama mbali ndiyo kazi yake tangu kunakucha. Ni mume wangu, Mfaume Jumbe, aliyekwenda vitani na mgambo. Naomba mje mumchukue, kwa sababu zifuatazo.

1. Huyu hayuko nyumbani, yuko dunguni. Kama huko mjini madungu hamnayo, ni kichanja kirefu cha miti, chenye ngazi, ambacho sisi hukipanda kulinda mihogo dhidi ya nguruwe na ngedere. Mume wangu alirudi vitani mzima, miguu yote na mikono yote, tukachinja na kushukuru. Hazikupita siku nyingi akasema anakwenda kulinda shamba. Mihogo tukavuna. Yeye bado analinda. Anakula huko, anaswali huko, analala huko kwa kuviziavizia kama kuku. Akishuka kwa haja, kofia yake huiacha juu ya mti ishike lindo, na anarudi mbio kana kwamba kofia itamchongea.

2. Njia ya kisimani inapita chini ya dungu. Kila apitaye huulizwa anatoka wapi, anakwenda wapi, na neno la siri la siku hiyo ni lipi. Neno hubadilishwa kila alfajiri, na sisi wanawake inabidi tuambizane kabla hatujatwika ndoo. Wifi yangu Biasha alitoa neno la jana, akasimamishwa na maji kichwani mpaka shingo ikamwingia mabegani. Ndugu Salumu naye, mwenyekiti wa kijiji kizima, alikuwa na haraka ya mkutano akajifanya hasikii. Aliamriwa akae chini, yeye na baiskeli yake, akakaa. Tangu hapo mwenyekiti akitaka kwenda kwa jirani yake anazungukia upande wa Masaki, kijiji cha pili, na mikutano yetu inachelewa. Maendeleo ya kijiji yanarudi nyuma, Ndugu Mwenyekiti, na sababu inatoka nyumbani kwangu.

3. Anaamkia wazee kutoka juu. Mjomba wangu alikuja kunitazama, shikamoo ikamdondokea kichwani. Alipoinua uso kuitikia marahaba, kofia yake ikaanguka nyuma. Tangu hapo hajakanyaga kwangu, na ukoo mzima unasema mimi ndiye niliyemharibu mkwe wao.

4. Hili la nne ndilo linalonikondesha, na ningependa ulisome taratibu.

Kila jioni watoto hukusanyika chini ya dungu awasimulie vita. Anasimulia vizuri kuliko redio. Anawasimulia habari za rafiki yake Cornel, kijana wa Mkuza hapo hapo Kibaha, aliyeweza kumwiga kila mkubwa wao kwa sauti na mwendo, na aliyewahi kuchemsha chai kwa maji aliyofulia soksi na wote wakaisifu. Watoto wanacheka mpaka wanagaragara. Halafu hadithi inafika mtoni. Pale mume wangu husema, "Nikapewa lindo," kisha ananyamaza. Watoto wamekwisha kuzoea, wanajifuta vumbi wanakwenda zao. Yaliyotokea baada ya hapo sijui. Najua tu kwamba Cornel hakurudi.

Nikimwomba ashuke, ananijibu kwa upole kwamba askari haachi lindo mpaka apokelewe zamu. Tumejaribu kumpokea. Ndugu Salumu alileta mgambo wawili wenye mafunzo kamili. Aliwatazama, akawaambia si zamu yao. Nikapanda mimi mwenyewe, mchi begani, nikapiga saluti, nikasema nimekuja kumpokea. Alicheka, akasogea, tukakaa wote. Upepo wa juu ni mzuri, sikatai. Lakini hata mimi aliniambia si zamu yangu, nikashuka peke yangu kwenda kupika. Nilipofika jikoni nililia, nikasingizia moshi.

Nilichokuwa nataka, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba arudi ndani. Nimeshindwa. Na kwa kuwa taifa ndilo lililompa lindo na halikumpokea, nimeona ni haki taifa limchukue pamoja na dungu lake.

5. Faida zake kwenu ni hizi. Hahitaji saruji. Mtu wa jiwe hutazama upande mmoja mpaka kiama, huyu wangu anageuka. Ndege watamchafua wa jiwe, huyu anawafukuza. Siku ya ufunguzi hapatakuwa na haja ya kumtafuta askari wa kusimama chini ya mnara, maana mnara wenyewe utalinda. Ila wageni rasmi wafundishwe neno la siri mapema, wasije wakakalishwa chini na suti zao.

Tena nimesikia kwamba majina yatakayoandikwa ni ya waliokufa. Sibishani, hao wanastahili jiwe. Lakini waliorudi muwaweke wapi? Wapo waliorudi nusu, Ndugu Mwenyekiti, na nusu ile ya pili hatukuletewa. Wake zao tunaipikia kila siku.

6. Kuhusu usafiri, naomba lori refu. Dungu lipakiwe likiwa wima, naye akiwa juu yake, kwani hatashuka. Matawi ya njia ya Kisarawe yakatwe kwanza, na dereva asipige honi, maana atasimamishwa. Lori lije upesi, miguu ya dungu imekwisha kuingiwa na mchwa.

7. Masharti yangu ni machache. Apewe mihogo ya nazi, na kisamvu kisikose chumvi. Koti lifuliwe. Masika ikianza ajengewe paa. Na kwa kuwa hakuna mwingine anayezijua tabia zake, niajiriwe mimi kuwa mwangalizi wa mnara, nipewe kibanda hapo chini yake, karibu na ngazi.

Wasalimie wanakamati wote, dereva wa lori, na akina mama wanaowapikia chai. Fundi wa kuchonga mwambie asivunjike moyo, kazi nyingine atapata. Ndugu Salumu anakusalimu kutoka upande wa Masaki.

Ni mimi mke wa mnara,
Mwanaasha binti Matano.

Baada ya sahihi: Barua hii ilichelewa kwa kukosa gari la kwenda Kisarawe, na ni heri.

Leo asubuhi amekuja mama mmoja mtu mzima, rozari shingoni, vumbi mpaka magotini, anauliza askari wa dunguni. Ni Bi Laurentia wa Mkuza, mama yake Cornel. Habari za mume wangu zimemfikia huko. Mfaume hakumuuliza neno la siri. Alisimama tu, akaanza kusema kabla hajaulizwa, na mimi ndiyo nikasikia kwa mara ya kwanza: pale mtoni, aliyekuwa aje kumpokea alfajiri ni Cornel, na Cornel hakuja. Basi amekuwa akimngoja.

Yule mama akavua viatu, akashika ngazi, akasema, "Zamu ya Cornel naishika mimi. Shuka, mwanangu, ukale."

Akashuka. Alimwamkia akiwa amepiga magoti kwenye mchanga, na mama akamwekea mkono kichwani akaitikia marahaba. Kisha akapanda yeye, mimi nimemshikia ngazi. Mpaka sasa yuko huko juu. Anasema upepo ni mzuri na nguruwe hajamwona hata mmoja. Ndugu Salumu alipoona dungu limebadilisha mlinzi akajaribu kupita na baiskeli, amekalishwa chini.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, jengeni mnara wenu kwa jiwe. Mawe tutaleta, na jina la Cornel liandikwe mahali mama yake atakapoliona bila kuinua shingo. Lakini lori lisije. Mume wangu yuko ndani, amelala, anakoroma.