Ufunguo wa Duka na Mkono Uliogoma

Jumatatu, 4 Machi

Mkono wa kulia umegoma tena. Nimeamka, nikauamuru uvute shuka. Wapi! Umelala tu pembeni yangu kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Tangu kiharusi kinipige, nusu ya mwili ni yangu, nusu sijui ya nani. Nimechoka hata kabla ya chai.

Dada wa mazoezi aliyetumwa na hospitali kaacha maagizo: nibinye sponji, nihamishe maharage kutoka bakuli hadi bakuli, taratibu, kila siku, na mtu awe karibu. Mimi! Fundi suti mzima, niliyevalisha matumbo ya kila umbo yakaonekana hayapo, leo nicheze na maharage? Nitajitibu mwenyewe. Kwa akili ya fundi.

Mke wangu kaleta chai na habari mbaya kwa pamoja. Sare za shule zinangoja kukatwa, duka limefungwa, wateja wameanza kuchungulia kwingine. Kasema ikifika Jumamosi sijaweza kushika mkasi, ufunguo anampa kaka yake. Shemeji yangu huyo anashona mapazia. Mapazia! Mistari iliyonyooka, basi. Kwapa hajui, kola hajui. Moyoni namwita Pazia.

Duka likienda kwa Pazia halirudi. Namfahamu. Akikaa mahali, amekaa.

Jumanne, 5 Machi

Ushindi mdogo. Mke wangu alipoingia kuoga, nilihamisha maharage yote kwa mkono wa kushoto. Akatoka, akaona bakuli limejaa, akafurahi mpaka nikaona haya. Kwa furaha hiyo hiyo akasema basi sasa nijifunge vifungo vya shati mwenyewe.

Nimekula chakula cha mchana kifua wazi. Nilisema ni joto. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 6 Machi

Pazia kaja kumwona mgonjwa. Kanipa pole ndefu, ile wanayopewa wafiwa. Kisha kauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kama meza yangu ya kukatia inaweza kusogezwa karibu na dirisha. Meza ile haijasogea tangu nioe!

Macho yake yakapanda ukutani, kwenye mkasi wangu wa kitambaa. Niliuleta nyumbani makusudi, usije ukaguswa na mtu dukani. Mkasi ule haukati karatasi, haukati uzi wa gunia, haushikwi na mwingine. Wanangu wamekua wakijua hivyo. Pazia kasema yeye hukata chochote kwa mkasi wowote. Kasema bila aibu, huku anatafuna biskuti zangu.

Alipoondoka nililia. Upande mmoja wa uso ulilia, wa pili ukabaki unatazama. Hata kulia siwezi kikamilifu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua mwenye kosa. Ni mkono wa kushoto! Unafanya kila kitu, ndiyo maana mwenzake anadeka. Dawa ni kuufunga.

Mke wangu akaenda sokoni. Nikachukua fulana yangu ya mikono mirefu, nikakaa kwenye cherehani ya zamani hapa nyumbani, nikashona mdomo wa mkono wa kushoto. Nikapitisha mshono mara mbili, kama kwenye sare. Kazi ya kulipua siijui. Nikaivaa. Kushoto kifungoni! Nikangoja mkono wa kulia uone aibu.

Haukuona aibu. Mimi nikaona haja ndogo.

Fulana haivuki kichwani. Mkanda wa suruali haufunguki. Nilijaribu meno, mshono ukanishinda. Mshono wangu mwenyewe! Sijui kama niliwahi kujivuna na kujilaani kwa wakati mmoja namna ile.

Mke wangu kanikuta ukumbini nimebana miguu, jasho linanitoka. Nyuma yake Pazia, kambebea kikapu. Huyo kaangusha kikapu. Kanyoosha mkono ukutani, katungua mkasi wangu ili anikate fulana.

Sikufikiri. Nilimrukia. Niliposhtuka, mkasi ulikuwa kwangu. Mkono wa kulia! Vidole vyote vimeng'ang'ania mpini. Nikautazama, nao kama uliona unatazamwa, ukalegea. Mkasi ukaanguka chali.

Mke wangu kakaa sakafuni palepale, katikati ya nyanya zilizomwagika. Kaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Kumbe bado uko," kasema.

Sijui alikuwa anaongea na mkono au na mimi. Ningeuliza, lakini haja haikungoja.

Ijumaa, 8 Machi

Dada wa mazoezi kaja, kasimuliwa yote. Aliposikia habari ya fulana kafumba macho kidogo. Kasema mkono una uhai, hilo ni jambo kubwa, lakini hasira si mazoezi. Ningeanguka ningevunja nyonga. Turudi kwenye maharage. Kanishikia vidole, akavikunja kimoja kimoja, na cha mwisho kikakunjika chenyewe. Kidogo. Nilikiona.

Mke wangu naye kafuta mtihani wa Jumamosi. Sare atazipeleka kwa fundi mwingine, kaka yake haingii, ufunguo atakaa nao yeye mwenyewe. Kasema, "Duka litakusubiri, mume wangu. Hata likikaa mwaka."

Nimelala mchana wote kwa raha. Sikumbuki mara ya mwisho nililala hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaza tangu alfajiri. Maharage yamefanya nini? Kidole kimoja. Pazia je? Mkono mzima, kwa dakika moja! Basi dawa yangu ni Pazia, na mgonjwa hakai mbali na dawa.

Nikampigia simu. Nikamwambia aje achukue duka, akae kwenye kiti changu, asogeze meza anavyotaka. Kauliza mpaka lini. Nikajibu kwa ujanja: mpaka atakapochoka. Alifika kabla chai haijapoa, na marobota ya mapazia juu ya mkokoteni.

Mke wangu kaniwekea ufunguo kiganjani, kasema nimpe mwenyewe. Nikampa.

Sasa nimekaa kwenye kona ya duka langu, juu ya stuli ya wateja. Meza iko dirishani. Makoti yangu ambayo sijayamaliza yako chini, chini ya marobota. Pazia anapiga mluzi. Mkono haujasogea bado, lakini hasira inapanda vizuri sana.